Azimio Tulilolisoma Nusu

JUMAPILI

Nimechelewa ibada, nikakaa benchi la mwisho, pembeni ya bibi mmoja aliyejitanda khanga. Kanisa dogo la Kianglikana, bati limeanza kushika kutu, mwimbisha kwaya ana sauti kuliko kinanda. Ulipofika wakati wa meza ya Bwana, benchi letu likainuka kwenda mbele. Bibi naye akainuka, akajibana ukutani atupishe, kisha akaketi tena na kufunga macho. Nikadhani ni miguu.

Baada ya ibada nikamwamkia. Akaitikia, akauliza hali ya watoto, na mimi nikauliza kwa nini hakwenda mezani.

"Mie nimetengwa, baba. Tangu nilipoolewa."

Aliolewa mke wa pili. Mwaka wenyewe haukumbuki vizuri, ila anakumbuka kwamba mtoto wake wa kwanza sasa ana wajukuu. Padre wa wakati ule alimwita mbele ya wazee wa kanisa, akamweleza kanuni, naye akaikubali bila kinyongo. Hakuacha kusali. Hakuhamia kwingine, ingawa kwingine walimwita. Kila Jumamosi huja na fagio lake la chelewa akafagia kanisa lote, hata pale mbele ambapo yeye hapigi magoti kupokea.

"Na babu yuko wapi?"

"Alishafariki. Mwaka huu unakwenda wa sita."

Nimeondoka na jambo hili kifuani. Mimi ni katika wale wanaoitwa wahafidhina. Naamini ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, na naamini kanisa lina haki ya kumtenga muumini aliyeivunja kanuni hiyo. Lakini kutenga kuna njia ya kurudi: toba, padre, kurejeshwa mezani. Sababu ya kutengwa kwake imezikwa miaka sita, na hakuna aliyekwenda kumwambia njoo. Mapadre wamebadilika. Jina lake limebaki kwenye daftari lile lile.

Jambo la mitala tumelishughulikia muda mrefu kuliko wengi wanavyojua. Mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, uliamua mwaka 1888 kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Miaka mia ikapita. Mwaka 1988, baada ya maaskofu wa Afrika kulisukuma suala hilo, azimio la 26 lilishika palepale kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, lakini likasema mtu aliyeikuta Injili akiwa tayari na wake wengi abatizwe na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa sharti kwamba asiongeze mke maadamu mmoja wao yu hai. Tena asilazimishwe kumfukuza yeyote kati yao, kwa sababu mwanamke anayefukuzwa anatupwa katika dhiki. Fundisho halikuguswa, na mwanamke hakutupwa nje. Azimio lile liliwahusu wanaoingia kutoka nje. Bibi yangu wa benchi la mwisho alizaliwa ndani, na ndiyo maana amesahaulika.

JUMATATU

Tangu Oktoba 2025, nikikutana na Mwanglikana yeyote swali ni lile lile: je, sisi bado tuko na Canterbury?

Tarehe 3 ya mwezi ule Sarah Mullally alitangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Tarehe 16, Laurent Mbanda, Askofu Mkuu wa Rwanda na mwenyekiti wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, akatoa tamko kwamba ushirika wa Waanglikana upangwe upya, msingi wake uwe Biblia na siyo kiti cha Canterbury, na kwamba majimbo yaliyomo yasihudhurie mikutano inayoitishwa na kiti hicho. Halikuwa jambo la kushtukiza. Gafcon ilizaliwa Jerusalem mwaka 2008, ikakutana Nairobi mwaka 2013, na Kigali mwaka 2023 wajumbe zaidi ya 1,300 walikwishasema kwamba hawana tena imani na uongozi wa Canterbury. Desemba ya mwaka huo huo Kanisa la Uingereza likaruhusu sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja zitumike katika ibada za kawaida.

Nami nasimama na waliosema hapana. Kanisa likibariki lile ambalo Maandiko yanaliita dhambi, limejipa mamlaka ambayo hakuna aliyelipatia.

Ila naomba tusichanganye mambo mawili. Nimesikia watu wakisema ugomvi ni kwamba Canterbury amekaa mwanamke. Kenya, ambako Gafcon ina mizizi, ilimweka Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, wote mwaka 2021. Hapa Tanzania kuna dayosisi zinazowapa wanawake daraja la ukasisi na nyingine zimekataa, na tunakaa sinodi moja. Wahafidhina hatukubaliani juu ya hilo, na tumeweza kuishi nalo. Juu ya ndoa hatuwezi. Anayeyafunga mambo haya mawili katika kifurushi kimoja anaidhoofisha hoja yetu yenyewe.

JUMANNE

Wanaoshangaa kwamba Mwafrika anaweza kukata ushirika na Waingereza hawaijui historia ya pwani yetu. Mwaka 1915 Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, alitangaza kwamba dayosisi yake haina ushirika na dayosisi ya Hereford huko Uingereza, kwa sababu askofu wa kule alimpa cheo mwanazuoni ambaye mafundisho yake Weston aliyaona yameiacha imani. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amewashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, kwa uzushi, baada ya mkutano wa Kikuyu ambako Waanglikana walishiriki meza moja na wamisionari wa madhehebu mengine. Weston alikuwa Mwingereza, lakini alisema kwa sauti ya Mkunazini ya Zanzibar.

Nampenda mzee huyu kwa sababu ya upande wake wa pili. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali dhidi ya serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya maelfu waliokuja kusikia habari za altare na ekaristi, akawageuza wamtafute Kristo huyo huyo katika watu wenye njaa na wasio na nguo. Mwaka uliofuata akafariki Magila, karibu na Muheza. Kwa Weston, kulinda mafundisho na kumlinda kibarua wa shambani ilikuwa kazi moja, na aliyafanya yote mawili kwa hasira ile ile.

ALHAMISI

Jana na leo nimelisoma tena azimio la Lambeth la mwaka 1998, lile linaloitwa 1.10, ambalo sisi wahafidhina tunalitaja kila tukifungua kinywa. Lilipita kwa kura 526 dhidi ya 70, wengine 45 wakijizuia. Tanzania ina alama yake humo: Askofu Donald Mtetemela ndiye aliyeleta marekebisho yaliyoweka wazi kwamba vitendo vya ngono ya jinsia moja haviafikiani na Maandiko. Maneno hayo tunayajua kwa moyo.

Sasa yasomeni yanayofuata. Sentensi ile ile inaendelea na kuwataka watu wetu wote wamhudumie kila mtu kichungaji na kwa upole bila kujali mwelekeo wake wa kijinsia. Inalaani hofu isiyo na sababu dhidi ya mashoga. Na hapo hapo, bila hata nukta katikati, inalaani ukatili ndani ya ndoa. Juu yake kuna ahadi ya kuwasikiliza watu wenye mwelekeo wa jinsia moja na kuwahakikishia kwamba Mungu anawapenda, na kwamba waliobatizwa na kuamini ni viungo kamili vya mwili wa Kristo.

Haya nayo yalipigiwa kura na watu wale wale 526. Ni yetu. Hatukubandikiwa na wazungu.

Nikipima mahubiri niliyoyasikia kwa robo karne, nusu ya kwanza nimeisikia mara zisizohesabika. Nusu ya pili, juu ya ukatili ndani ya ndoa, naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shangazi yangu, marehemu sasa, alikwenda kwa wazee wa kanisa lake na jicho limevimba. Nilikuwa kijana, nilimsindikiza. Mzee mmoja alimtazama, akasema, "Mama, ndoa ni uvumilivu. Rudi nyumbani, ukaiombee." Mume wake alikuwa anashika sahani ya sadaka kila Jumapili, na Jumapili iliyofuata aliishika. Hakuna aliyemtenga. Nikikumbuka bibi wa benchi la mwisho, naona kanuni yetu imemkamata mwanamke aliyekubali kuolewa na kumwachia mwanamume aliyepiga.

Na Uganda. Mwaka 2023 sheria mpya dhidi ya ushoga ilipopita, na ndani yake adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, Askofu Mkuu Stephen Kaziimba aliipokea kwa shukrani. Canterbury ikalalamika, naye akaikataa lawama hiyo. Katika kukataa kuamuliwa kutoka nje nakubaliana naye, maana tumechoka kuandikiwa barua. Lakini nimelipitia azimio la 1998 neno kwa neno nikitafuta mahali panaponiruhusu mimi Mwanglikana kushangilia sheria yenye kitanzi ndani yake, na hapapo. Kijana mwenye mwelekeo huo aliyelelewa kwenye kwaya zetu, anayepambana na nafsi yake usiku, akisikia kanisa linashangilia, atamwendea padre gani? Fundisho la usafi wa maisha linahitaji mtu wa kulipokea, na huyo mtu lazima kwanza aweze kuingia mlangoni bila kuogopa polisi.

IJUMAA

Habari ya John Smyth inanikosesha usingizi, na naiandika kwa sababu wengi wetu tuliichukua kama habari ya kuporomoka kwa waliberali. Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alitangaza kujiuzulu Novemba 12, 2024, siku chache baada ya ripoti ya Keith Makin kuonyesha kwamba hakufanya ya kutosha kufuatilia ukatili wa Smyth. Niliona watu wakishangilia katika makundi ya simu.

Lakini Smyth hakuwa mliberali. Alikuwa wakili maarufu, mwinjilisti wa mrengo wetu, mtu wa kambi za vijana na Biblia mkononi. Aliwachapa wavulana fimbo mpaka damu, akiita hiyo ni nidhamu ya kiroho. Baadhi ya wakubwa wa kambi hizo walijua mapema miaka ya 1980, wakanyamaza ili kuilinda kazi ya Injili. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe na kuanzisha kambi nyingine. Desemba 1992 kijana wa miaka 16, Guide Nyachuru, alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi ya Smyth huko Marondera. Smyth alifariki Cape Town mwaka 2018 bila kuhukumiwa.

Waliomsitiri walikuwa na mafundisho sahihi juu ya kila jambo tunalogombania leo. Na wazungu walipotaka kumwondoa machoni pao, wakamwacha aje kwa watoto wa Kiafrika. Basi katika kila sinodi inayojadili tamko la Mbanda, naomba kuwe na ajenda nyingine fupi: mtoto wa shule ya Jumapili akimshtaki mwalimu wake au padre, anamwambia nani, na huyo aliyeambiwa anafanya nini siku hiyo hiyo? Parokia nyingi hazina jibu. Kambi za Pasaka zinakuja na hazitasubiri.

JUMAMOSI

Kidogo juu ya fedha. Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania walikubaliana kwamba hawatapokea msaada kwa kujua kutoka kwa wale wa Kanisa la Episkopali la Marekani wanaounga mkono mafundisho mapya ya ndoa. Kwa dayosisi zenye zahanati na shule za kuendesha, hilo halikuwa neno jepesi, nami ninaliheshimu mpaka leo. Septemba 2021, siku ya kuwekwa wakfu askofu Okeno huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kenya aliwazuia wanasiasa kuhutubia kanisani, na vigogo walikuwa wameketi palepale. Hayo mawili ni kitu kimoja. Anayekataa dola za Marekani kwa ajili ya dhamiri hawezi kupokea bahasha ya mheshimiwa kwa ajili ya bati, kisha akamkabidhi kipaza sauti.

Jioni nimepita tena kwenye kanisa lile. Bibi alikuwa anafagia. Padre alikuwepo, kijana, ana miezi minane tu hapo, nikamweleza. Alikwenda ofisini, akatoa daftari, akalipekua kwa muda mrefu. Jina lilikuwepo, kwa wino wa bluu uliofifia, na mbele yake neno moja: ametengwa. Hakuna mwingine aliyeandika kitu baada ya hapo.

Wapendwa mapadre na wazee wa kanisa mnaosoma ukurasa huu: fungueni madaftari yenu. Waliofiwa na sababu zao za kutengwa, wafuateni nyumbani kabla ya Pasaka.