Nani Asiyejiweza?

Mwalimu wa Kiswahili apitaye mpakani kati ya Gisenyi na Goma hawezi kukosa kumwona mtu mmoja. Ameketi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu aizungushayo kwa mikono. Miguu yake haina nguvu, na nyuma yake imepangwa mizigo ambayo wengi wetu tungeikimbia. Huvuka nayo, hurudi, huvuka tena, na jioni hulisha watoto kwa jasho lake. Nasi turudipo darasani twamtaja kwa neno gani? Twasema: "asiyejiweza".

Ndugu walimu, neno hilo ni la uongo, na uongo huo tumeusomesha sisi.

Tunajua historia ya makosa yetu. Zamani tulisema kilema, kiwete, kiziwi, kwa kile kiambishi ki- cha vitu, ingawa vitenzi vyake vilifuata upatanisho wa watu. Kisha tukaona haya, tukasema mlemavu, na baadaye mtu mwenye ulemavu. Yalikuwa marekebisho mema. Lakini tumemhamisha mtu kutoka ngeli ya KI-VI hadi ngeli ya M-WA katika daftari tu. Katika uwanja wa michezo hatujamhamisha hata hatua moja.

Tuitazame Mahoko, kituo cha soko katika bonde la mto Sebeya, kando ya barabara itokayo Musanze kuteremkia Gisenyi. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini katika biashara ya mpaka huu kilikwisha kuwa na kazi kabla ya hapo. Mtoto wa mahali kama hapo afikaye shuleni kwa kiti cha magurudumu hufanywa nini kipindi cha michezo kinapoanza? Aghalabu hupewa mashati ya wenziwe ayashike, au filimbi apulize, au huachwa chini ya mti atazame. Tumefanya hivyo kwa huruma. Huruma ya namna hiyo ni kufuli.

Wako watakaotujibu kwamba riadha ya viti vya magurudumu ni anasa ya Wazungu. Twawakumbusha kwamba haikuanza kwa anasa. Tarehe 29 Julai 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha watu 16 waliojeruhiwa vitani, wakiwa juu ya viti vya kawaida, kwa upinde na mishale. Hapakuwa na njia ya mbio wala viti vya pekee. Kutokana na mwanzo huo mdogo ndipo ilipozaliwa michezo ya Paralimpiki.

Wako pia watakaosema kwamba Mnyarwanda hana nafasi humo. Hao hawasomi habari. Jean de Dieu Nkundabera alileta nishani ya shaba kutoka Athens mwaka 2004, katika mbio za mita 800. Hermas Muvunyi alikuwa bingwa wa dunia wa masafa hayo hayo huko Lyon mwaka 2013. Wanawake wetu wa mpira wa wavu wa kuketi walifika Rio mwaka 2016. Lakini tuangalie vizuri: wale wawili wa kwanza ni wenye ulemavu wa mkono, nao hukimbia kwa miguu; na mpira wa wavu wa kuketi hutaka wavu, mpira na sakafu. Tumeshinda pale ambapo chombo ni rahisi. Mwenye kuhitaji kiti bado anangoja.

Hoja ya gharama, basi, ndiyo hoja ya kweli, na hatutaikwepa. Kiti cha mbio si kile cha hospitali: kina magurudumu mawili makubwa yaliyoinamishwa, na moja dogo lililotangulizwa mbele, na bei yake huzidi kwa mbali uwezo wa shule ya kijijini. Hata ile baiskeli ya mpakani haifai mbioni, kwa maana kanuni hukataza gia na wenzo wa kuendeshea. Anne Wafula Strong, aliyezaliwa Kenya na kupatwa na polio utotoni, alianza mbio za kiti akiwa Uingereza, kisha akaiwakilisha Kenya huko Athens mwaka 2004. Mikono yake alikuwa nayo tangu Kenya. Kilichokosekana ni kiti, na mtu wa kumwambia kwamba mbio ni zake pia.

Lakini riadha si mbio peke yake. Kuna tufe, kisahani na mkuki, ambavyo hutupwa kwa kuketi. Kiti chake hakina gurudumu: ni fremu ya chuma, yenye kalio la mraba au mstatili ambalo kila upande haupungui sentimita 30, na kimo kisichozidi sentimita 75 pamoja na mto wa kukalia, iliyofungwa imara ardhini. Fundi wa kuchomelea milango sokoni aweza kuitengeneza. Basi tuanzie hapo. Milima ya Mahoko haimzuii mtu kutupa tufe, na mabega yaliyozoea kusukuma kiti katika vilima hivyo yamekwisha kupata nusu ya mazoezi.

Wala hatuombi fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008, wataka katika kifungu cha 30 kwamba watoto hao washiriki michezo sawa na wenzao, pamoja na ile ya shuleni. Ni wajibu uliokwisha kutiwa saini. Uliobaki ni kuutenda.

Kwa hiyo twawataka walimu wenzetu wafanye mambo matatu: wamwendee fundi, waandike shindano la kutupa kwa kuketi katika ratiba ya siku ya michezo, liwe shindano lenye kupimwa na kuandikwa, wala lisiwe la kupigiwa makofi ya huruma, na wanafunzi wakiongezeka, waidai serikali na Kamati ya Paralimpiki viti vya mbio, wakiwa na majina na vipimo mkononi.

Na siku tufe litakapotua, tupime kwa utepe ule ule tuwapimiao wengine. Hapo neno "asiyejiweza" litakosa wa kuitwa, isipokuwa sisi tulioweza kufungua mlango tusifungue.