Juu ya Sambaza na Kufungwa kwa Ziwa



Kila mara ziwa Kivu linapofungwa kusudi samaki wapate kuzaa, maneno huwa mengi bwenini. Wengine husema kwamba samaki ni riziki ya Mungu nayo haina mwisho, na kwamba kufunga ziwa ni kuwatesa maskini bure. Mimi nami zamani nilisema hivyo, maana mama yangu huuza sambaza sokoni, na ada yangu hutoka katika beseni lake. Ziwa likifungwa, ada huchelewa. Basi asije mtu akadhani kwamba ninaandika haya kwa kuwa nimeshiba.

Walakini nimebadili mawazo, na somo la biolojia ndilo lililonibadili.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Zamani katikati ya ziwa hili hapakuwa na samaki wa kula planktoni, yaani vile vijidudu vinavyoelea majini. Tilapia, kambale na wenzao walikaa kandokando. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika utawala wa Wabelgiji, vililetwa vifaranga maelfu kwa maelfu kutoka ziwa Tanganyika, wa samaki wa namna mbili. Namna moja, ndiyo ndagala, haikudumu. Namna ya pili ndiyo sambaza. Hao walizaana, hata baada ya miaka ishirini hivi uvuvi wao ukaanza kushika nguvu, watu wakiwavua usiku kwa taa, na leo ni mboga ya watu wengi Goma na Bukavu na ng'ambo ya Rwanda.

Je, kwa nini hawakuzidi kuongezeka mpaka ziwa likajaa? Kivu lina kina cha mita 485, lakini oksijeni, ambayo ndiyo pumzi ya samaki, haipatikani ila katika mita 60 hivi za juu. Chini yake mna gesi ya methani na ya kaboni, wala samaki hawezi kuishi humo. Ni kama ghala kubwa ambalo umepewa ufunguo wa chumba kimoja tu. Tena chakula cha chumba hicho hutoka katika mwani, na mwani huhitaji jua pamoja na mbolea iliyozama, ambayo upepo wa kiangazi huyakoroga maji na kuirudisha juu. Mwani huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na sambaza, na sambaza huliwa na sisi. Sambaza wakubwa hula hata wadogo wa kabila lao. Basi upepo wa kiangazi, ambao sisi huulaumu kwa kutupeperushia vumbi machoni wakati wa mpira, una sehemu yake katika sahani zetu.

Sasa nije kwenye hesabu. Wenzangu hufikiri samaki ni kama magunia ya mchele: ukitoa moja, limepungua moja, na ukiacha kutoa, yanabaki yaleyale. Lakini samaki huzaa na kufa. Wakiwa wachache mno, chakula ni tele lakini mama ni haba, basi nyongeza ya kila mwaka ni ndogo. Wakijaa kabisa, mama ni wengi lakini chakula hakiwatoshi, na nyongeza ni ndogo vilevile. Nyongeza huwa kubwa katikati ya hali hizo mbili, na hiyo ndiyo tuwezayo kuvua mwaka hata mwaka bila kuharibu. Kwa hiyo mvuvi si adui wa ziwa. Adui ni chandarua. Mwaka jana tulipasua sambaza darasani, na wale wadogo kuliko kidole changu hawakuwa na mayai. Mwenye kuvua kwa chandarua humtoa samaki kabla hajazaa hata mara moja.

Wako pia wasemao kwamba asili isiguswe kabisa. Mwaka 1986 mtaalamu Mbelgiji, Henri Dumont, aliandika kwamba sambaza wamewamaliza dafnia, mmoja wa vijidudu wakubwa wa Kivu, akaogopa kwamba msiba utafuata. Dafnia yule kweli alitoweka. Lakini uvuvi haukufa kama ilivyoogopwa, na mimi nisiwe mnafiki: nimesomeshwa na samaki wa kuletwa. Hata hivyo hiyo si ruhusa ya kujaribu-jaribu. Tangu mwaka 2006 ameonekana katika Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, aitwaye lamprikthi, naye anashiriki chakula cha sambaza katika chumba kilekile kimoja.

Kwa maoni yangu ziwa lifungwe, tena lifungwe siku moja pande zote mbili, Kongo na Rwanda, maana sambaza hajui mpaka. Nyavu zenye matundu madogo zitafutwe madukani na sokoni mchana, si kumvizia mvuvi maskini usiku peke yake. Na hao wanaofunga watuambie mama wauza samaki watakula nini siku hizo. Jambo hili sijalisikia likisemwa bado.

Nilipomweleza mama hesabu hii, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni yupi katika beseni aliye wa nyongeza, ili amwuze huyo na kumwacha mwenzake. Sikuweza kumjibu. Likizo ijayo nitakwenda naye sokoni, nami nitachukua rula.