Bima ya Gari Ilipe Hospitali Kwanza, Makosa Yatafutwe Baadaye

Ndugu wafanya kazi,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme neno juu ya bima za magari. Najua wengi mtasema, "Sisi hatuna motokaa, bima yatuhusu nini?" Yatuhusu sana, kwa maana kila asubuhi twapanda matatu, na gari likianguka tunaovunjika ni sisi.

Nitatoa mfano mmoja. Mwenzetu wa gengi letu alikuwa akija kazini kwa matatu. Gari likapinduka, mguu wake ukavunjika mahali pawili. Hospitali ilimpokea na kuzuia damu, na hiyo ni haki yake, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini kutiwa vyuma mguuni kulitaka fedha. Kadi ya SHA, ambayo twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili yake, ililipa sehemu. Iliyobaki akaambiwa ailete mwenyewe.

Tukaenda kwa mwenye matatu. Akatuonyesha karatasi iliyobandikwa kiooni, akasema, "Gari lina bima, nendeni huko." Tukaenda huko. Tukaambiwa, "Leteni hukumu ya korti." Mwishowe mguu ule ulilipiwa na mchango wa gengi na ng'ombe mmoja wa baba yake.

Je, watu wa bima walitudanganya? Hapana, na hapo ndipo penye shida. Sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, yamlazimisha mwenye gari awe na bima kwa ajili ya watu atakaowaumiza barabarani, na abiria wanaolipa nauli wamo. Lakini bima hiyo kazi yake ni kumlipia mwenye gari deni lake akishaonekana ana makosa. Kwanza makosa yathibitishwe, ndipo fedha zitoke, nayo sheria haiidai bima zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Mguu uliovunjika haungoji korti. Wazee walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wengine hutegemea Sheria ya Fidia ya Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA. Ni sheria nzuri. Ukiumia kazini, au ndani ya gari ambalo tajiri amelitoa kuwachukua wafanya kazi, tajiri hulipa gharama za matibabu bila kuuliza kama ulikosea, isipokuwa umejiumiza kwa kusudi. Lakini mtu aliyepanda matatu kwa nauli yake mwenyewe, kwa kawaida sheria hiyo haimgusi. Tajiri asema, "Hukuwa kazini." Bima yasema, "Nenda kortini." Nasi wengi ndivyo tunavyosafiri.

Dawa ipo, wala si jambo geni. Marekani, bima za magari huwa na fungu la kulipa hospitali ya dereva na abiria, kosa liwe la nani. Mara nyingi fungu hilo ni la hiari, lakini katika jimbo la Maine ni lazima, na lisipungue dola 2,000. Hata hapa kwetu, bima kubwa za motokaa za watu binafsi mara nyingi huwa na fungu dogo la matibabu. Basi kinachofaa motokaa ya bwana mkubwa, kwa nini kisifae matatu iliyojaa wafanya kazi?

Wenye magari watasema ada ya bima itapanda, na nauli nayo itapanda. Labda kweli kidogo. Lakini fungu hili lina kikomo chake, kwa hiyo mwenye bima ajua mwisho wa deni lake. Tena sisi twalipa hata leo, ila twalipa kwa michango, kwa mikopo na kwa kuuza mifugo. Afadhali sote tutoe senti chache kila siku kuliko mmoja auze ng'ombe kwa siku moja.

Kwa hiyo natoa shauri. Kwanza, chama chetu kidai katika mkataba ujao bima ya ajali kwa kila mwanachama aendapo kazini na arudipo. Pili, chama kikae na vyama vingine ndani ya COTU, tupeleke neno Bungeni ili Sura ya 405 iongezwe fungu la matibabu katika kila gari la abiria, bila kungoja makosa.

Na wakati tunapongojea hayo, kila mmoja ashike haya. Ukiumia barabarani, andika namba ya gari, au mwenzako akuandikie. Piga ripoti polisi upate ile karatasi iitwayo abstrakti. Weka kila risiti ya hospitali. Kesi ya kudai fidia ya ajali ifunguliwe kabla ya miaka 3 kwisha, na madai ya WIBA yapelekwe kabla ya miezi 12. Mwenzetu yule alitupa risiti zake nusu, akidhani hazina kazi. Sasa wakili wake anazitafuta.

Tusingoje ajali nyingine ndipo tuanze kupitisha kofia.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli