Kinu kimelindwa, upepo wake je?

Uholanzi imebakiwa na vinu vya upepo vya kale vipatavyo 1,200, kati ya karibu 10,000 vilivyokuwako katika karne ya 19. Vingi vimeorodheshwa kuwa kumbukumbu za taifa, na ni marufuku kuvibomoa au kuvibadili bila kibali.

Hata hivyo, sheria hiyo hulinda zaidi jengo lenyewe, ilhali kinu ni mtambo, na nishati yake ni upepo unaopita juu ya mashamba ya jirani.

Hapo ndipo mvutano ulipo.

Chama cha De Hollandsche Molen, kilichoundwa mwaka 1923 kutetea vinu, kinashikilia kanuni kwamba ndani ya mita 100 pasiwe na mti wala nyumba inayozidi ncha ya chini ya bawa la kinu. Kutoka hapo hadi mita 400, kimo kinachoruhusiwa huongezeka kidogo kidogo.

Lakini wanaoamua matumizi ya ardhi ni mikoa na manispaa, na manispaa hizo hizo zinadaiwa viwanja. Serikali imejiwekea lengo la kujenga nyumba zipatazo 100,000 kwa mwaka, na uhaba wa makazi si jambo la kubuni.

Ghorofa likijengwa upande unakotoka upepo, kinu hakianguki. Kinanyamaza tu, na kinu kilichonyamaza huoza: maji ya mvua hutuama mahali pale pale, na ufa hauonekani mapema.

Ujuzi nao hupotea. Mwaka 2017 UNESCO iliiorodhesha kazi ya waendesha vinu wa Uholanzi kuwa urithi wa binadamu, lakini hakuna awezaye kujifunza kazi hiyo pasipo upepo.

Wala vinu hivi si mapambo ya kupigia picha. Vile 19 vya Kinderdijk, vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, vilijengwa kuondoa maji katika ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafuta yalipoadimika, vilirudishwa kazini.

Vipo vinu vilivyoinuliwa au kuhamishwa ili viufuate upepo. Kwa kinu cha kusaga nafaka, huenda hilo likafaa. Kile cha kuvuta maji, kikihamishwa, kinaachana na mfereji uliokuwa sababu ya kujengwa kwake.