Vyuo vikuu visingoje mwanafunzi aliyelemewa abishe hodi

ALHAMISI ya Januari 9, 2025 ilileta habari mbili zilizowahusu vijana wa taifa hili, japo ni moja tu iliyoshangiliwa. Serikali ilitangaza matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2024, ambapo watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ na zaidi, kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya shahada. Siku iyo hiyo, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Sehemu ya 226 ya Kanuni ya Adhabu, iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ilikiuka Katiba.

Kwa miongo mingi, Mkenya aliyenusurika katika jaribio hilo aliweza kutoka wodini akafikishwa kizimbani. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Jaji alieleza kwamba kifungu hicho kiliwabagua watu kwa misingi ya afya yao, kiliwavunjia heshima na kuwatia hofu ya kunena yaliyowasibu.

Habari hizi mbili zinafaa kusomwa pamoja. Vijana wanaoingia vyuoni wako katika umri ambao maradhi mengi ya akili huanza kujitokeza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 29. Sheria imeacha kuadhibu. Swali lililosalia ni iwapo vyuo vikuu vitaacha kungoja.

Ni haki kukiri kwamba vyuo vikuu vyetu vina washauri nasaha, aghalabu chini ya afisi inayosimamia masuala ya wanafunzi. Utaratibu wao ni mmoja: mlango uko wazi, mwenye shida na aje. Kwenye karatasi, utaratibu huo hauna dosari. Hata hivyo, ugonjwa wa sonona humnyang'anya mtu nguvu zile zile anazohitaji ili ainuke kitandani, avuke bewa na kumsimulia mgeni masaibu yake. Kumtaka aje mwenyewe ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu kwamba dawa iko ghorofani.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mwanafunzi wetu hafichi kwa kiburi. Anaficha kwa sababu ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuoni, harambee ilifanywa kwa ajili yake, na kijiji kizima kinamngoja arudi na shahada. Atawezaje kupiga simu nyumbani na kusema kwamba hana usingizi na hoi hajui kwa nini?

Mizigo yenyewe si ya kubuni. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 uliwagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Mwaka 2024 malalamiko yalitapakaa kwamba watoto wa maskini walikuwa wamewekwa katika makundi ya wenye nacho. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Kwa wakili, huo ni mvutano wa kisheria. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni kutojua kama ataruhusiwa kufanya mtihani.

Aidha, mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba. Wengi walibaki mabwenini na vyumba vya kupanga bila masomo, huku kodi na chakula vikidai pesa kama kawaida. Ukiongeza kamari ya simu, mikopo ya simu na pombe ya bei nafuu inayouzwa karibu na lango la chuo, utaona jinsi dhiki ya mfukoni inavyogeuka kuwa dhiki ya akili.

Cha kusikitisha ni kwamba dalili za mapema huwa tayari ziko mikononi mwa chuo. Mwanafunzi anayezama hakosi kuacha alama. Hajasajili masomo ya muhula. Amekosa majaribio mawili mfululizo. Karo haijalipwa. Alama zake zimeporomoka ghafla. Kila moja ya habari hizi imehifadhiwa katika kompyuta ya idara fulani, lakini hutumiwa kumwadhibu tu: jina linaondolewa kwenye orodha ya mtihani, barua ya onyo inaandikwa. Habari iyo hiyo ingeweza kumtuma mtu ampigie simu na kumuuliza, "Umekuwaje? Mbona hatukuoni?"

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto. Baada ya magaidi kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015, Shirika la Msalaba Mwekundu liliwafuata manusura na jamaa za waliofariki kuwapa ushauri nasaha. Hakuna aliyesema wangoje mpaka waombe. Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi waendelee na masomo. Ikiwa tunajua kuwafuata vijana pale risasi zinaposikika, kwa nini tusiwafuate wanapoumia kimyakimya?

Wapo watakaouliza pesa zitatoka wapi, ilhali vyuo vyenyewe vina madeni. Hoja hiyo ina uzito, hasa kuhusu kuajiri washauri zaidi. Hata hivyo, kumteua mhadhiri mmoja katika kila idara awapigie simu waliotoweka darasani hakuhitaji jengo jipya. Wengine watahofia siri za wanafunzi. Nao wana haki. Ndiyo maana anayepiga simu hapaswi kuwa na mamlaka ya kuadhibu, na atakayoambiwa yasiingie katika faili la nidhamu.

Na wapo wazee wa rika langu wanaodai kuwa vijana wa leo ni legelege, kwamba sisi tulisoma kwa taa za koroboi na hatukulalamika. Kutolalamika hakukuwa dalili ya uzima. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Halikuwazungumzia vijana pekee.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Huzuni ya kufeli somo au kuachwa na mpenzi ni sehemu ya maisha, na mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyopita. Lakini ikidumu majuma mawili au zaidi, ikakunyima usingizi, hamu ya chakula na ya mambo uliyoyapenda, hiyo si tabia mbaya wala udhaifu wa imani. Ni maradhi yenye tiba. Mfahamu mshauri wa chuo chako mapema, kabla hujamhitaji. Ukilemewa, uliza kuhusu kuahirisha masomo. Kurudi darasani baada ya kupona si kushindwa.

Mwenzake wa chumbani ndiye huona kwanza. Mtu akianza kujitenga, kugawa vitu vyake anavyovithamini au kusema kwamba wengine wangekuwa na nafuu bila yeye, asichekwe wala kuhubiriwa. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Aghalabu humpa nafasi ya kutua mzigo. Kisha asiachwe peke yake. Afuatane na mtu hadi kwa mshauri au hospitalini. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo.

Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 ilizipa serikali za kaunti majukumu ya huduma hizi. Kwa hivyo, chuo kisichokuwa na daktari wa akili kina mlango wa kubisha katika kaunti yake, na makubaliano ya rufaa yanaweza kuandikwa kabla ya muhula kuanza. Kila mwaka mabaraza ya vyuo huomba ripoti ya waliofuzu na ya waliodaiwa karo. Yaombe pia ripoti ya waliotoweka darasani, na jina la aliyewatafuta.