Tiketi tunalipa, mupira hatuoni

Siku ya yenga tulitoka Kasulo na batoto, jezi ku mwili, kwenda ku stade. Makuta ya tiketi ilitoka mu shimo. Ku mulango bakatuambia uwanja umejaa. Pale pembeni tiketi zingali zinauzishwa. Timu yetu ikacheza, siye tukasikia makelele tu nyuma ya ukuta.

Mwaka 2010 TP Mazembe ilicheza fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, na tuliiona ku televisheni. Leo mupira uko hapa Kolwezi, hatuuoni.

Mchimbaji akileta madini yenye maji, mununuzi anakata kilo. Mwenye kuuzisha kiti chenye hakiko, nani anamukata? Muhesabu viti kwanza, kisha muuzishe tiketi. Na mwenye kubaki inje arudishiwe makuta yake.