Tamko kuhusu Uteuzi wa Vituo vya Mashindano ya Michezo ya Vyuo na Safari za Mashabiki Kanda ya Ziwa



Sisi ni umoja wa viongozi wa michezo na mashabiki wa vyuo vya Mwanza. Ndani yetu wamo wachezaji wa zamani, walimu wa michezo, mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi, na wale wasiokosa jukwaani hata timu yao ikiburuza mkia. Tumekutana na kujadiliana, wakati mwingine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na tumekubaliana kutoa tamko hili kuhusu namna vituo vya mashindano ya vyuo vinavyochaguliwa na namna mashabiki wanavyosafiri kuvifikia.

Msimamo wetu ni huu: kituo kichaguliwe mapema, kwa vigezo vilivyoandikwa na kutangazwa hadharani, na kimojawapo cha vigezo hivyo kiwe iwapo mwanafunzi wa kawaida anayekuja kushangilia anaweza kufika, kulala na kurudi salama kwa fedha ya mwanafunzi. Kwa uzoefu wetu, wanaokagua kituo hupima viwanja, mabweni na ukarimu wa mkoa unaoomba uenyeji. Shabiki huachiwa ajue mwenyewe pa kushika. Tumewahi kupata barua ya kutaja kituo zikiwa zimebaki wiki chache mashindano yaanze. Mabasi yamekwisha kukodiwa na watu wa harusi, gesti zimejaa, na chuo hakina fungu. Hatuko hapa kumtaja aliyetuandikia. Tunataka utaratibu ubadilike.

Ni vyema kwanza kutazama wadogo zetu wa sekondari. UMISSETA, yaani mashindano yao ya taifa, ilifanyika hapa Mwanza mwaka 2018. Mwaka 2019 ikaenda Mtwara, ikarudi hukohuko 2021, kisha Tabora ikaipokea 2022, 2023 na 2024, na 2025 ikawa zamu ya Iringa. Wapo wanaolalamika kituo kikikaa mji mmoja miaka miwili au mitatu mfululizo. Sisi hatumo katika kundi hilo. Mwaka wa kwanza mji hujifunza: wapi maji hukatika, bweni gani lina vyoo vibovu, njia gani gari la wagonjwa halipiti. Mwaka wa pili mji huo huandaa mashindano yenyewe. Kuhamisha kituo kila mwaka ili kila mkoa uonje ni haki ya mezani tu. Uwanjani wachezaji hukutana na makosa yaleyale kila mara, katika mji mpya. Tunapendekeza kituo cha taifa cha michezo ya vyuo kikae mahali pamoja miaka miwili, kisha kihame, na mji unaofuata utangazwe angalau mwaka mmoja kabla.

Sasa tuizungumzie Mwanza bila kujipamba. Jiji hili lina uwanja wa CCM Kirumba na uwanja wa Nyamagana wenye nyasi bandia, ambao mvua ya masika haiugeuzi tope. Lina Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ambapo mchezaji aliyevunjika mguu atafika kwa dakika chache. Lina vyuo vya kutosha kujaza jukwaa: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Afya cha Bugando, Chuo cha Ualimu Butimba, kampasi za CBE na IFM, na wavuvi wetu wa kesho walioko FETA Nyegezi. Mkoani humuhumu, wilayani Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ambacho kinafundisha walimu na makocha wa michezo. Wataalamu wa mashindano ya vyuo hawana haja ya kutafutwa mbali wakati Malya ipo.

Maji nayo tuyaseme. Mgeni hushangaa kusikia mji ulioketi ukingoni mwa Ziwa Victoria una mitaa isiyoona maji siku nzima. Chanzo kipya cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimepunguza kero, lakini bado mkaguzi wa kituo anapaswa kufungua bomba la bweni kwa mkono wake badala ya kuridhika na maneno ya mwenyeji, sisi tukiwemo.

Lakini jambo linalotukera kuliko yote si uwanja wala maji. Ni kalenda. Waandaaji hupenda kuweka mashindano wakati wa likizo ndefu kwa sababu mabweni ya chuo mwenyeji yako wazi. Ni hesabu nzuri ya vitanda na mbaya ya watu. Likizo inapoanza, wanafunzi wa chuo mwenyeji, ambao ndio jukwaa lenyewe, wameshapanda basi kwenda kwao Kahama, Tarime na Karagwe. Timu hucheza fainali mbele ya madereva wao, mama lishe wawili na watoto wa mtaani. Tena si Tanzania pekee. Nchini Marekani, mashindano ya vyuo ya magongo ya barafu kwa wanaume huwa na timu 16 zinazogawanywa katika vituo vinne vya kanda, katika miji iliyochaguliwa miaka kabla. Kila mara viti vinapobaki vitupu hufufuka mjadala: kwa nini mechi za awali zisichezwe kwenye uwanja wa chuo chenye nafasi ya juu, ambako wanafunzi wapo? Kwa wanawake wa huko, robo fainali huchezewa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe. Nchi yenye fedha na barabara zile inahangaika kulijaza jukwaa; sisi tunadhani litajaa lenyewe.

Ufumbuzi kwa hapa kwetu upo. Mwanza ina shule za bweni: Nsumba, Bwiru Wavulana, Bwiru Wasichana na nyinginezo. Shule zinapofunga mwezi Juni, mabweni hayo hubaki na walinzi tu, wakati vyuo vingi bado viko katika muhula wa pili na wanafunzi wake wapo mjini. Timu zilale shuleni, mechi zichezwe mjini, na wenyeji wajaze jukwaa jioni baada ya vipindi. Tunajua mitihani ya mwisho wa muhula inakaribia wakati huo, na tunajua UMISSETA nayo huhitaji mabweni mwezi Juni inapokuwa huku. Kwa hiyo tarehe lazima zipangwe kwa mazungumzo kati ya vyuo, halmashauri za Jiji la Mwanza na Ilemela na wakuu wa shule. Mazungumzo hayo yanahitaji miezi, ndiyo maana tunadai taarifa ya mwaka mzima.

Kuhusu umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Anayetoka Mtwara anapita kilomita 1,500. Hatuwezi kuomba Mwanza iwe kituo cha kudumu huku tukimhurumia mwanafunzi wa Mtwara. Naye ana haki ya kuitazama timu yake bila kuuza simu. Tunachoomba ni ngazi ya kanda ipewe uzito. Hatua za makundi zichezwe kikanda, na timu chache zilizofuzu ndizo zivuke nchi. Kwa kanda hii ya ziwa, kituo cha kanda kizunguke kati ya Mwanza, Bukoba, Musoma na Geita. Zamani tungesita kuitaja Geita au Bukoba kwa sababu ya foleni ya kivuko. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limefunguliwa, na pale ambapo basi la mashabiki lilikuwa likilala likisubiri pantoni sasa linapita kwa dakika chache. Ramani ya michezo ya kanda hii imebadilika. Ratiba zetu bado zimeandikwa kana kwamba tunasubiri pantoni.

Kuhusu usalama tutasema kwa kirefu, na hatutaomba radhi.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma, ndani ya jiji hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Kila familia ya Ukerewe, Bukoba na Mwanza ina jina la kutaja. Hatukubali shangwe za michezo zikaongeza orodha hiyo.

Mashabiki wa mpira tunajijua. Tukishinda tunapanda juu ya gari. Tukishindwa tunataka kuondoka usiku uleule. Kwenye maji tabia hiyo inaua. Kwa hiyo tunatangaza kwa wanachama wetu, na tunaomba vyuo vyote vya kanda vifuate: hakuna kundi la mashabiki litakalosafiri ziwani kwa boti ya uvuvi au ya kukodi mwaloni, hata kama nahodha ni mjomba wa mtu. Safari ya visiwani au Bukoba iwe kwa chombo chenye leseni ya TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, chenye orodha ya majina ya abiria, na maboya ya kujiokolea yanayolingana na idadi ya watu waliomo. Meli kubwa kama MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, hupangiwa ratiba. Ratiba ya mechi ya Bukoba ifuate ratiba ya meli, si kinyume chake. Na ziwa likichafuka, mechi iahirishwe. Timu isipigwe faini wala kunyang'anywa pointi kwa kukataa kupanda chombo kwenye mawimbi. Kanuni hiyo iandikwe.

Barabarani hali ni hiyohiyo. Serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24 mwaka 2023, na wafanyabiashara wamenufaika. Lakini basi lililojaa wanafunzi waliokesha wakipiga ngoma, linaloendeshwa na dereva mmoja aliyekuwa uwanjani tangu asubuhi, halina sababu ya kuwa barabarani saa nane usiku. Basi la mashabiki likaguliwe na askari wa usalama barabarani kabla ya kuondoka, liwe na madereva wawili kwa safari ndefu, na lilale njiani au mjini mwenyeji. Gharama ya usiku huo mmoja chuo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Tunajua wahasibu watakunja uso.

Wapo pia mashabiki wasichana, ambao mipango mingi huwasahau. Timu ya wanawake hupewa bweni na matroni; msichana aliyekuja kuishangilia huambiwa atafute gesti karibu na stendi. Tunataka kila kituo kitenge bweni la mashabiki wa kike lenye mlinzi na matroni, kwa ada ndogo, na kiwe na namba ya simu ya dharura itakayopokelewa usiku. Mji usioweza kutoa hilo usipewe uenyeji, hata ukiwa ni wetu.

Tuna neno moja kuhusu mpira wa magongo, kwa kuwa ndio mchezo ambao baadhi yetu tuliuchagua, na tumechoka kuulizwa kama ni gofu. Tanzania ilicheza magongo kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, katika mashindano ya timu sita ambayo wengi waliyasusia. Tulishika nafasi ya sita, na India waliokuja kuwa mabingwa walitufunga mabao 18 kwa bila. Watu hucheka wakisikia, lakini tulikuwepo. Leo mchezo huu ni wa wachache nchini, ilhali magongo yamo katika michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambayo Arusha iliiandaa mwaka 2019 na 2022. Kenya ina uwanja wa City Park jijini Nairobi na Uganda ina Lugogo jijini Kampala. Uwanja wa magongo una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, na unahitaji sakafu laini. Kwenye changarawe mpira ule mdogo na mgumu huruka na kutafuta meno ya mtu. Nyasi za Nyamagana ni za soka, ndefu kidogo kwa magongo, na mpira hupoteza kasi juu yake. Hata hivyo zinatosha kuanzia. Tunaomba magongo yaingizwe kama mchezo wa maonyesho katika mashindano yajayo ya vyuo yatakayofanyika kanda hii, na akademia ya michezo ya Malya itenge eneo la uwanja wa magongo.

Mwisho, tunawaomba Baraza la Michezo la Taifa, Chama cha Michezo cha Vyuo Vikuu Tanzania na wasimamizi wa michezo ya vyuo vya kati na vya ualimu wakae meza moja na kutoa mwongozo mmoja wa uteuzi wa vituo, wenye vigezo ambavyo mwanafunzi yeyote anaweza kuvisoma na kuhoji. Tuko tayari kuitwa, na tutakuja na madaftari yetu ya safari yanayoonyesha kila nauli na kila usiku tuliolala stendi. Kwa makapteni wa timu na viongozi wa mashabiki wa vyuo vyote vya Kanda ya Ziwa: andikisheni majina ya mashabiki wenu mapema, chagueni msimamizi mmoja wa kila basi, na chombo kikijaa, shukeni.